TB kwa Wainuiti: nani apimwe, na orodha ashike nani

Kila TB inapozuka katika kijiji kidogo, wahudumu wa afya hujikuta njia panda. Njia ya kwanza ni kuanza na mgonjwa waliyempata: wanamuuliza anaishi na nani, analala chumba kimoja na nani, nani alimtembelea miezi ya karibuni, kisha wanawafuata hao mmoja mmoja. Njia ya pili ni kukubali kwamba muda wa kufuata majina umeshapita, kwa hiyo mashine ya eksirei ipelekwe na kijiji kizima kipimwe, anayekohoa na asiyekohoa, kuanzia watoto hadi vikongwe.

Nataka kulipima jambo hili kwa mfano wa Wainuiti, wenyeji asilia wa kaskazini ya mbali ya Kanada, kwa sababu kwao njia zote mbili zimetumika. Upimaji wa watu wote umefanyika kwao katika vizazi viwili tofauti, na ule wa kwanza uliacha kidonda ambacho familia nyingi zinakiuguza hadi leo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: naunga mkono kupima kijiji kizima pale TB inapokuwa imeshatapakaa, lakini kwa masharti mazito, na masharti hayo yakikosekana ni afadhali mashine zibaki mjini.

Kwanza ukubwa wa tatizo. Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada, lina watu wapatao 37,000 (sensa ya 2021) waliotawanyika katika vijiji na miji midogo 25, na hakuna barabara hata moja inayoviunganisha. Unafika kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haijaganda. Mwaka 2016 kiwango cha TB kwa Wainuiti wa Kanada kilikuwa karibu wagonjwa 170 kwa kila watu 100,000. Kwa Wakanada waliozaliwa nchini humo na ambao si wa jamii za asili, kilikuwa 0.6. Ni tofauti ya karibu mara 300 ndani ya nchi moja, chini ya serikali moja, na katika nchi ambayo haina upungufu wa fedha wala madaktari. Kiwango hicho cha Wainuiti kinafanana zaidi na vya kwetu Afrika Mashariki kuliko cha Toronto.

Machi 2018 serikali ya Kanada na Inuit Tapiriit Kanatami, chombo cha kitaifa kinachowawakilisha Wainuiti, waliahidi kwa pamoja kupunguza TB kwa nusu ifikapo 2025 na kuitokomeza ifikapo 2030. Mwaka 2025 ulipofika, mameya wa vijiji vya Nunavik, eneo la Wainuiti lililo kaskazini mwa Quebec, walikuwa wakiiomba serikali ya jimbo itangaze dharura ya afya kwa sababu ya ugonjwa huohuo.

Sasa tuitazame njia ya majina. Mgonjwa akithibitika, muuguzi hukaa naye na kuandika. Duara la kwanza ni watu wa nyumbani. La pili ni ndugu na marafiki wanaopita mara kwa mara. La tatu ni kazini, shuleni, kanisani. Unaanza na la kwanza, na ukikuta maambukizi mengi kuliko ulivyotarajia unapanua. Ni utaratibu wenye akili. Unatafuta pale penye uwezekano mkubwa wa kupata, hutumii nguvu kwa mtu asiye na hatari, na unawawahi watoto chini ya miaka mitano, ambao TB huweza kuwapanda hadi kwenye utando wa ubongo kabla mama hajasikia kikohozi cha maana. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha pia kwamba mtu aliyeambukizwa karibuni ndiye aliye hatarini zaidi. Wengi wa wale watakaougua huugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Ukimpata mapema ukampa tiba ya kinga, umeuzima ugonjwa kabla haujawaka.

Lakini ipeleke hesabu hiyo kwenye kijiji cha watu 600 ambacho nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba zilizojaa kupita kiasi. Sensa ya 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuiti waliokuwa katika maeneo yao ya asili waliishi hivyo. Nyumba moja ina babu na bibi, watoto wao wawili watu wazima na wenzi wao, wajukuu sita, na binamu anayelala kwenye kochi mpaka apate pa kwenda. Nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, hakuna anayefungua dirisha. Muuguzi akiandika majina ya duara la kwanza, amejaza ukurasa. Akifika duara la pili ameandika ukoo mzima, na ukoo huo umeoleana na koo nyingine tatu zilizobaki. Kabla hajamaliza kuwafuata watu wa mgonjwa wa kwanza, mgonjwa wa pili amethibitika, na majina ni yaleyale.

Kuna lililo zito zaidi. Kati ya 2011 na 2012, kijiji kimoja cha Nunavik chenye watu wapatao 930 kilipata wagonjwa 50 waliothibitishwa na maabara. Watafiti walipochambua vinasaba vya bakteria na kuvilinganisha na mahojiano, walikuta kwamba nyumba chache za mikusanyiko, ambako watu huenda kwa maongezi na starehe, zilikuwa na mchango mkubwa katika kusambaza ugonjwa. Hapa ndipo orodha ya majina inapokwama. Mtu ukimuuliza "ulikaa na nani?" atataja mke na watoto. Hatataja watu kumi aliowakuta kwenye nyumba hiyo usiku wa Ijumaa, pengine kwa sababu hawakumbuki wote, pengine kwa sababu hataki muuguzi ajue alikuwa huko na walikuwa wakifanya nini. Swali la "ulikuwa wapi" lina tija kuliko la "ulikuwa na nani", na ni la heshima zaidi, kwa maana halimlazimishi mtu kumtaja jirani yake mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Tena katika kijiji kama hicho siri haipo. Gari la kliniki likisimama mlangoni kwako, kijiji kimeshajua. Kipimo cha ngozi husomwa saa 48 hadi 72 baada ya kuchomwa, kwa hiyo muuguzi atarudi, na majirani wataona amerudi. Ufuatiliaji ambao mjini ni faragha kati ya watu wawili, hapa ni tangazo. Watetezi wa kupima kijiji kizima wana hoja nzuri juu ya hili: wakipimwa wote, hakuna anayenyooshewa kidole. Kwenda kupima kunakuwa kama kwenda kupiga kura.

Hoja yao ya pili ni ya kitaalamu, nayo imepata nguvu katika miaka ya karibuni. Tafiti za kitaifa katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye TB ya mapafu iliyothibitishwa hawana dalili zile tunazoziuliza: kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito. Anayesubiri mgonjwa aje kliniki anasubiri nusu tu ya wagonjwa. Mkoani Ca Mau, Vietnam, watafiti waliwapima watu wazima wote wa maeneo teule kila mwaka kwa miaka mitatu bila kujali dalili, kisha mwaka wa nne wakalinganisha na maeneo ambayo hayakupimwa hivyo. TB ilikuwa imepungua kwa asilimia 44. Kinyume chake, utafiti mkubwa wa Zambia na Afrika Kusini uliochapishwa 2013, ambao ulihamasisha wenye dalili walete makohozi wenyewe, haukupata punguzo lolote la maana. Tofauti kati ya tafiti hizo mbili ndiyo somo lenyewe. Kutangaza kwa kipaza sauti kwamba huduma ipo hakutoshi. Lazima umfikie asiyejijua, na lazima urudi.

Na kwa watu wa Aktiki, yaani ukanda wa kaskazini ya mbali ya dunia, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1957 daktari George Comstock alianza utafiti katika eneo la Bethel, Alaska, ambako wenyeji walikuwa na TB kwa viwango vya juu kabisa. Kaya baada ya kaya zilipewa dawa ya TB iitwayo isoniazidi au kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mmoja. Waliopata dawa waliugua pungufu kwa karibu asilimia 70, na kinga hiyo ilionekana bado inafanya kazi karibu miaka 20 baadaye. Comstock mwenyewe, mkewe na watoto wao waliimeza dawa hiyohiyo. Hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ni mfano wa mtaalamu aliyeona kwamba anachowaomba watu wa kijiji lazima aweze kukifanya nyumbani kwake.

Kwa hiyo Qikiqtarjuaq, kijiji cha watu wapatao 600 kwenye kisiwa kidogo cha Broughton, kando ya Kisiwa cha Baffin, kilipokumbwa na mlipuko na binti mmoja wa hapo akafariki Januari 2017, uamuzi uliofuata ulikuwa wa kupima wote. Mwanzoni mwa 2018 timu iliweka kambi kwa wiki kadhaa, na mashine ya eksirei, na mashine ya GeneXpert inayosoma makohozi kwa muda wa saa mbili hivi badala ya kuyasafirisha kusini kwa ndege na kusubiri siku nyingi. Walifanya kazi pamoja na Wainuiti wanaozungumza Inuktitut, lugha ya wenyeji. Walioonekana na TB walianza dawa palepale kijijini.

Ukiishia hapo, mjadala umekwisha na njia ya pili imeshinda. Lakini kwa mzee wa Kiinuiti, mgeni anayekuja na mashine ya eksirei kupima watu wote si jambo jipya.

Kuanzia 1950 hadi 1969 serikali ya Kanada ilituma kila kiangazi meli iitwayo C.D. Howe kuzunguka pwani za Aktiki ya mashariki. Ilibeba madaktari, wauguzi, daktari wa meno, mashine ya eksirei, na helikopta ya kuwafuata watu kwenye kambi zao za uwindaji. Watu walipandishwa melini, wakapigwa picha ya kifua, na kuwekewa alama mkononi zilizoonyesha hatua walizopitia. Picha ikionyesha TB, mtu huyo hakuteremka. Hakurudi ufukweni kumuaga mumewe, hakurudi kumkabidhi mtoto mchanga kwa dada yake, hakupewa nafasi ya kusema mbwa wapewe nani wala nyavu zitolewe na nani. Meli iliondoka naye hadi kusini, kwenye hospitali za Hamilton, Quebec na kwingineko, kilomita elfu kadhaa kutoka kwao, kwa miezi, mara nyingi zaidi ya miaka miwili. Katikati ya miaka ya 1950 Mwinuiti mmoja kati ya saba alikuwa katika sanatoria, yaani hospitali za kuwalaza wagonjwa wa TB, za kusini. Mwaka 1956 mkusanyiko mkubwa wa Wainuiti kuliko wote nchini Kanada haukuwa kijiji chochote cha kaskazini. Ulikuwa wodi za hospitali ya TB ya Hamilton, Ontario, wagonjwa zaidi ya 330.

Watoto walirudi wakiwa wamesahau lugha ya mama zao. Wengine hawakurudi kabisa. Wengi waliofariki walizikwa huko kusini bila familia kuarifiwa walipozikwa, na jamaa wakaishi miaka 50 au 60 bila kujua kaburi la mtu wao liko wapi. Machi 8, 2019, Waziri Mkuu Justin Trudeau alikwenda Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kuomba radhi kwa niaba ya serikali, na siku hiyo ukazinduliwa rasmi mradi wa Nanilavut wa kuzisaidia familia kutafuta makaburi.

Sasa lipo jambo gumu ambalo mchambuzi mwaminifu halikwepi. Meli ile, kwa vipimo vya kitabibu tu, ilifanya kazi. TB ya Wainuiti, ambayo miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa viwango vikubwa kuwahi kurekodiwa popote duniani, ilishuka sana kufikia miaka ya 1970 na 1980. Kuna wanaolitumia hilo kusema kwamba yalikuwa makali ya lazima, kwamba bila kuwaondoa wagonjwa wangekufa wengi zaidi. Hoja hiyo naikataa, na sababu yangu ni ya tarehe. Dawa ya TB ya streptomaisini ilikuwapo tangu 1944, isoniazidi tangu 1952. Mwaka 1959 kituo cha utafiti cha Madras, India, kilichapisha matokeo yaliyotikisa dunia: wagonjwa waliotibiwa nyumbani kwao, katika vyumba vya maskini vilivyojaa watu, walipona karibu sawa na waliolazwa sanatoria, na watu wa nyumba zao hawakuambukizwa zaidi. Baada ya hapo kumtenga mgonjwa na familia yake kwa miaka hakukuwa tena takwa la tiba. Meli iliendelea kwa miaka 10 zaidi.

Kilichoua imani ya Wainuiti, basi, ni kwamba kumpata mgonjwa kulikuwa ndiko kumpoteza. Picha ya kifua haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kilichofuata baada ya picha, na katika ukweli kwamba aliyepigwa picha hakuwa na neno lolote juu ya kilichofuata.

Afrika Mashariki tunayo mifano miwili inayoelekea pande tofauti. Mwaka 2010 huko Kapsabet, Kenya, watu wawili waliokuwa wameacha dawa za TB walihukumiwa kifungo cha miezi minane gerezani kwa kutumia sheria ya afya ya jamii, wakarundikwa kwenye selo pamoja na wafungwa wengine, yaani mahali ambapo TB husambaa kwa urahisi kuliko popote. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, ilitamka kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani ni kinyume cha katiba. Woga wa dola ulikuwa uleule wa C.D. Howe: kumwona mgonjwa kama hatari ya kuondolewa, si mtu wa kuponywa.

Mfano wa pili unatoka Wajir. Miaka ya 1970 Mwitaliano Annalena Tonelli alikabiliana na tatizo ambalo kila mtumishi wa afya wa kaskazini mwa Kenya analijua: mfugaji anahama na mifugo, matibabu ni ya miezi mingi, na kitanda cha hospitali kwake ni kifungo. Suluhisho likawa manyatta ya TB. Mgonjwa alikuja na jamaa zake, wakajenga kibanda chao cha kuhamahama jirani na kituo, wakapika chakula chao, wakaswali pamoja, na dawa akameza kila siku mbele ya mhudumu mpaka amalize. Ilisaidia sana kwamba wakati huohuo majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Waingereza yalikuwa yanathibitisha kwamba tiba inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Manyatta nayo ilikuwa na gharama yake: mtu anayekaa mahali pamoja miezi kadhaa, ng'ombe wake wanachungwa na nani? Lakini mgonjwa alibaki ndani ya watu wake. Ukiweka Wajir na C.D. Howe upande kwa upande, ugonjwa ni mmoja, kipindi kinakaribiana, watu wote ni wa kuhamahama, na mwenye fedha kidogo ndiye aliyefanya vizuri zaidi.

Narudi Nunavut, kwenye hoja ya upande wa pili ambayo naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, na inayosemwa kwa nadra. Kupima watu wote hakuibui wagonjwa peke yao. Kunaibua maambukizi fiche, yaani watu wazima wa afya wenye bakteria waliolala, ambao wengi wao, zaidi ya tisa kati ya kumi, hawataugua maishani. Hao unawaambia nini? Watoto wa Nunavut huchanjwa BCG wakizaliwa, na chanjo hiyo inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kiseme ndiyo bila maambukizi yoyote. Zamani tiba ya kinga ilikuwa isoniazidi kila siku kwa miezi tisa, dawa inayoweza kudhuru ini, hasa kwa anayekunywa pombe. Mtu asiyeumwa popote, ambaye bibi yake alichukuliwa na meli, sasa anaambiwa ameze vidonge vya serikali miezi tisa. Akikataa, mimi simuiti mjinga.

Hapa mambo yamebadilika kidogo kuwa bora. Mwaka 2018 Iqaluit ilianza kutumia rifapentini pamoja na isoniazidi: dozi 12, moja kwa wiki, miezi mitatu tu. Rifapentini haikuwa sokoni Kanada, ikaingizwa kwa utaratibu maalumu. Wanaomaliza dozi hii ni wengi kuliko waliomaliza ya miezi tisa, kama mtu yeyote angetarajia. Kwa maoni yangu mabadiliko haya ndiyo yanayohalalisha upimaji wa kijiji kizima leo kuliko mashine yoyote mpya. Unapokuwa na tiba fupi ya kumpa mtu nyumbani kwake, una haki zaidi ya kumtafuta. Ukiwa huna, kumtafuta ni kumpa wasiwasi na kuondoka.

Kisha kuna suala la takwimu. Novemba 2021 mamlaka za Nunavut zilitangaza mlipuko wa TB Pangnirtung, mji wa watu wapatao 1,500. Zilipoulizwa wagonjwa ni wangapi, kwa miezi kadhaa zilikataa kusema, kwa hoja kwamba katika mji mdogo namba inaweza kumfichua mtu na kuzidisha unyanyapaa. Mwaka uliofuata zilitaja jumla ya watu 139 tangu Januari 2021, 31 wakiwa na TB yenyewe na 108 maambukizi fiche.

Hoja ya faragha naielewa. Nimeshaeleza jinsi siri isivyokaa kijijini. Lakini katika suala hili naona serikali ilikosea mlango. Namba 31 haimtaji mtu. Wakazi walikuwa tayari wanajua nani anaumwa, maana wanaishi naye. Wasichokijua ni ukubwa wa tatizo lao kwa jumla, na bila ukubwa huo hawawezi kudai muuguzi wa ziada, hawawezi kudai nyumba, hawawezi kujua kama baraza lao lifute tamasha au lisifute. Siri iliyolindwa ilikuwa ya idara kuliko ya wagonjwa. Kwa watu ambao babu zao walipewa namba za serikali, zikachapwa kwenye kidani kwa sababu maofisa walishindwa majina yao, kuambiwa leo kwamba namba za ugonjwa wao wenyewe hawawezi kuziona ni jambo la kuumiza.

Ndiyo maana nasema orodha ndiyo kiini. Nani anaishika, nani anaisoma, inakaa wapi timu ikiondoka. Pale ambapo Wainuiti wenyewe wameajiriwa kubisha hodi, kama ilivyofanyika Iqaluit mwaka 2011 kwenye mradi wa Taima TB uliopita nyumba kwa nyumba, watu walifungua milango na wagonjwa waliokuwa hawajulikani wakapatikana. Muuguzi anayetoka kusini kwa mkataba mfupi hajui kwamba fulani na fulani hawasemezani tangu ule ugomvi wa boti, wala hajui kwamba familia ya pale mwisho iko kambini hadi barafu ivunjike. Aliyezaliwa hapo anajua. Lakini asiwe mkalimani wa kulipwa vibarua kwa wiki sita. Awe mtumishi mwenye mshahara, mwenye mafunzo, na mwenye sauti kwenye uamuzi wa nani apimwe lini.

Wapo wanaosema yote haya ni kuzunguka mbuyu. TB ya Wainuiti, wanasema, ni ugonjwa wa nyumba na njaa. Serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya kudumu miaka ya 1950 na 1960, ikawajengea nyumba ndogo zisizotosha, na hadi leo haijafidia upungufu huo. Kupima bila kujenga ni kukausha sakafu huku bomba likivuja. Wana haki. Utafiti uliofanywa katika kijiji kile cha Nunavik ulihusisha hata lishe duni na hatari ya kuambukizwa. Hata hivyo siwezi kukubali hitimisho la baadhi yao kwamba upimaji usubiri nyumba. Nyumba ya Aktiki inajengwa kwa vifaa vinavyoletwa na meli mara moja kwa mwaka, na mtoto wa miaka mitatu anayelala na babu mwenye TB hana miaka kumi ya kusubiri. Ninachokataa ni kampeni ya vipimo kutumiwa na wanasiasa kama risiti, kwamba tumeshafanya kitu, sasa tuacheni.

Wasiwasi wangu mkubwa kuhusu 2018 ni huo. Qikiqtarjuaq ilipata timu, mashine na vyombo vya habari. Vijiji vingine viliendelea na wauguzi wale wale wachache. Watu wa Baffin wanatembeleana kwa ndege, kwa harusi, misiba na matibabu, na bakteria hawana kituo cha mwisho. Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Pangnirtung, jirani yake kwenye Kisiwa cha Baffin. Somo la Ca Mau lilikuwa kurudi mwaka hadi mwaka. Kilichofanyika ni pigo moja kubwa mahali pamoja.

Hili linatuhusu sisi pia moja kwa moja. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo Machi mwaka huohuo kwamba shughuli za TB katika nchi nyingi za Afrika na Asia zimeyumba, na miongoni mwa za kwanza kukatika zilikuwa za wahudumu wa jamii: wale wanaokwenda kwenye maboma na vitongoji kuwatafuta walioishi na mgonjwa. Hospitali ilibaki na dawa, aliyekuwa akiifikisha habari kwa mfugaji hakuwa na nauli.

Kwa hiyo baraza la kijiji, liwe la Wainuiti, la Wamaasai au la Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, lina kila sababu ya kuwahoji wanaokuja na gari la vipimo kabla ya kuwakaribisha. Atakayekutwa na TB atatibiwa hapa au atasafirishwa? Akisafirishwa, nani ataandamana naye, na nani atamchungia? Dozi za kinga zimeshafika au bado ziko kwenye zabuni? Namba za kijiji hiki tutazipata sisi kwanza au tutazisoma gazetini? Timu ikishindwa kujibu, baraza liwaambie warudi wakijipanga. Ikijibu vizuri, lipime wote, na tarehe ya kurudi mwaka unaofuata, pamoja na jina la atakayelipa, viandikwe na kusainiwa kabla mtu wa kwanza hajasimama mbele ya eksirei.